Changarawe na Maji ya Visima

Nchi inayojenga haina budi kuchimba. Barabara, madaraja, shule, zahanati na nyumba za kuishi huhitaji zege, na katika kila mita moja ya ujazo ya zege mna kiasi cha tani moja ya changarawe au kokoto, mbali na mchanga na saruji. Kwa kuwa changarawe ni nzito na bei yake ni ndogo, gharama ya kuisafirisha kwa lori huipita upesi thamani ya mali yenyewe. Ndiyo sababu machimbo hufunguliwa karibu na miji inayokua. Na mji ukizidi kukua, machimbo nayo hupanuliwa, mara nyingi hadi mipakani mwa mashamba na visima vya watu.

Hapo ndipo ugomvi huzuka. Wenye visima husema kwamba maji yamepungua tangu tingatinga lianze kazi. Mwenye machimbo hujibu kwamba mvua za mwaka huo zilikuwa haba. Huenda kila upande unasema kwa nia njema, na hata hivyo yote mawili hayawezi kuwa ndiyo sababu kubwa ya upungufu. Swali hilo haliwezi kuamuliwa kwa ufasaha wa wasemaji wala kwa wingi wa sauti. Huamuliwa kwa vipimo, tena vipimo vilivyoanza kuchukuliwa kabla uchimbaji haujaanza. Makala haya yaeleza kwa nini ni hivyo, na jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

GHALA LA MAJI KATIKA MAWE

Changarawe ya asili ni mawe madogo yaliyoviringishwa na mito kwa maelfu ya miaka na kuachwa mabondeni. Mawe hayo hayashikamani barabara. Kati yake hubaki nafasi. Ukijaza changarawe safi katika ndoo ya lita 20, utaweza kuongeza lita 5 hadi 7 za maji kabla ndoo haijafurika. Yaani, baina ya asilimia 25 na 35 ya ujazo wa changarawe ni nafasi tupu. Mvua inaposharabiwa na ardhi, maji hushuka mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha maji, kisha hujaza nafasi hizo kutoka chini kwenda juu. Uso wa juu wa maji hayo yaliyojaa ndio unaoitwa kimo cha maji ya ardhini. Kisima ni tundu lililoteremshwa hadi chini ya kimo hicho.

Udongo wa mfinyanzi nao una nafasi, pengine nyingi kuliko za changarawe. Lakini nafasi zake ni finyu mno, hata maji hunaswa humo na kutoka kwa taabu kubwa. Changarawe huyapokea maji upesi na kuyaachia upesi. Kwa hiyo tabaka linalotafutwa sana na wajenzi ndilo hilo hilo linalotafutwa na wachimbaji wa visima. Wakazi wa Machakos, Kitui na Makueni nchini Kenya walijua jambo hili zamani: wakati wa kiangazi huchimba mchanga wa mito iliyokauka na kupata maji chini yake. Mchanga ukichukuliwa wote kwa malori, hubaki mwamba mtupu, na maji ya mvua hupita moja kwa moja bila kuhifadhiwa. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti uchukuaji wa mchanga.

Maji ya ardhini hayatulii mahali pamoja. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyesimamia ugavi wa maji katika mji wa Dijon, alitangaza matokeo ya majaribio yake ya kupitisha maji katika bomba lililojaa mchanga. Aligundua kanuni nyepesi: kiasi cha maji yanayopita hulingana na upenyezaji wa mchanga, mteremko wa maji, na eneo ambamo maji hupita. Upenyezaji huo hutofautiana ajabu. Kwa changarawe safi huweza kuwa mita 100 kwa siku, hata 1,000 na zaidi. Kwa mchanga, mita chache hadi makumi ya mita. Kwa mfinyanzi, pungufu ya milimita moja.

Kutokana na kanuni hiyo mwanafunzi aweza kukadiria mwendo wa maji. Na ichukuliwe kwamba upenyezaji wa changarawe fulani ni mita 100 kwa siku, kimo cha maji huteremka mita 2 katika kila mita 1,000, na robo ya ujazo ni nafasi. Mwendo wa maji ni 100 mara 0.002, kisha kugawanya kwa 0.25; jibu ni mita 0.8 kwa siku. Diseli au uchafu mwingine ulioyeyuka ukiingia katika maji hayo leo, utahitaji siku 500 kukifikia kisima kilicho umbali wa mita 400. Mtu akiyapima maji ya kisima hicho mwezi mmoja baada ya ajali na kuyakuta safi, hajathibitisha usalama wowote.

SHIMO LINAPOFIKA KWENYE MAJI

Machimbo ni ya namna mbili. Yapo machimbo makavu, ambayo sakafu yake haifiki kwenye kimo cha maji. Haya hayaondoi maji, lakini hayakosi madhara. Udongo wa juu, ambao huchuja na kuzuia uchafu mwingi, umekwisha kuondolewa. Kilichobaki kati ya mafuta ya mitambo na maji ya watu ni unene mdogo wa mawe. Kwa hiyo sakafu huachwa juu ya kimo cha juu kabisa ambacho maji huweza kufikia katika mwaka wa mvua nyingi. Kutumia kimo cha wakati wa kiangazi ni kujidanganya.

Namna ya pili ni machimbo yanayoshuka chini ya kimo cha maji. Mchimbaji akitaka kufanya kazi mahali pakavu, hana budi kuyavuta maji kwa pampu mchana na usiku. Kimo cha maji huzama kulizunguka shimo kwa umbo la faneli, na kisima chochote kilichomo katika eneo la faneli hiyo hupungukiwa. Katika tabaka lenye upenyezaji mkubwa faneli huwa pana na ya kina kifupi. Katika lenye upenyezaji mdogo huwa nyembamba na yenye ukingo mkali. Basi usafi wa changarawe, unaomfurahisha mwenye machimbo, ndio unaopeleka athari mbali zaidi.

Mchimbaji aweza pia kuyaacha maji yalivyo na kuchota changarawe kutoka ndani yake. Njia hii huepusha pampu, lakini mawe yanayotolewa huacha pengo ambalo lazima lijazwe. Kila mita 1,000 za ujazo za changarawe zinapotolewa chini ya maji, kiasi cha mita 700 ni mawe yenyewe, na nafasi hiyo hujazwa na maji yanayotoka pande za shimo.

Uchimbaji ukiisha hubaki ziwa. Katika bonde la mto Rhine, kati ya Ufaransa na Ujerumani, yapo mamia ya maziwa ya namna hiyo. Ziwa lina tabia moja isiyotazamiwa na wengi. Maji ya ardhini hukaa kwa mteremko, lakini uso wa ziwa ni sawasawa. Kama mteremko ulikuwa mita 1 kwa kila mita 1,000, na ziwa lina urefu wa mita 600 kufuata mkondo, uso wake utatulia takribani kwenye kimo cha katikati. Upande wa juu wa mkondo, kimo cha maji kitashuka kwa sentimita 30 hivi. Upande wa chini kitapanda kwa kiasi hicho hicho. Shimo moja laweza kupunguza maji ya kisima cha jirani mmoja na kuleta unyevu katika shamba la mwingine. Baadaye tope laini hujikusanya na kuziba ukingo wa chini wa ziwa, na hesabu hizo hubadilika tena.

Katika nchi za jua kali lipo jambo jingine, nalo ni mvuke. Maji yaliyofunikwa na mita kadhaa za ardhi hayapotezi kitu kikubwa kwa jua, yakifunuliwa hupotea. Na ichukuliwe mahali ambapo jua huweza kuvukiza milimita 2,000 za maji kwa mwaka, na mvua ni milimita 600. Ziwa la hekta 5 litapoteza milimita 1,400 zaidi ya lile linalopata, yaani mita za ujazo 70,000 kwa mwaka. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha huduma vijijini. Kwa kiwango hicho, maji yanayopotea katika ziwa hilo yangewatosha watu zaidi ya 7,600. Upotevu huo hauishi machimbo yanapofungwa. Huendelea maadamu ziwa lipo.

HATARI YA CHUMVI PWANI

Kwenye mwambao, maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi kavu, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kidogo. Uwiano wa uzito wao ni kama 1.025 kwa 1. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia kiasi cha mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kwa kanuni hiyo, kukishusha kimo kwa nusu mita tu, na kukiacha hivyo kwa muda mrefu, ni kuyakaribisha maji ya chumvi yapande kiasi cha mita 20. Kisima kilichoingiwa na chumvi huchukua miaka mingi kupona.

Huko Bamburi, kaskazini ya Mombasa, mawe ya matumbawe ya kale yamechimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950. Sakafu ya machimbo yaliyoachwa ilikuwa karibu sana na maji yenye chumvi kiasi. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti katika jangwa hilo jeupe. Mivinje ilistahimili, mizizi yake ikayapata maji hayo, na majani yake yaliyoanguka yakaanza kujenga udongo mpya. Mahali hapo sasa pajulikana kama Haller Park. Machimbo huweza basi kupewa uhai mwingine, ikiwa mchimbaji amejua maji yako wapi na lini aache kushuka.

KIPIMO KABLA YA TINGATINGA

Nani basi amekausha kisima? Kabla ya kujibu, yafaa kujua kwamba kimo cha maji hupanda na kushuka chenyewe. Mfano ulio bora katika Afrika ya Mashariki ni bonde la Makutupora, karibu na Dodoma, ambalo visima vyake huupatia mji huo maji. Kumbukumbu za kimo cha maji mahali hapo zilianza kuwekwa katika miaka ya 1950. Mwaka 2013 wataalamu wa Tanzania na wa ng'ambo walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za miaka 55. Waliona kwamba kimo huweza kushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha kikapanda kwa kishindo katika msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa mwaka 1997 na 1998.

Somo lake ni hili. Machimbo yakipanuliwa mwanzoni mwa miaka ya kushuka, yatalaumiwa hata kama hayana kosa. Yakipanuliwa kabla ya msimu wa mafuriko, maji yatapanda kila mahali, na madhara yake yatafichika mpaka kiangazi kirefu kirudi. Kwa hiyo kupima kisima kimoja kabla na baada hakutoshi. Mambo manne yahitajika.

Kwanza, vipimo vianze mapema, walau mwaka mmoja kamili kabla ya upanuzi, na vizuri zaidi miaka kadhaa, ili kiangazi na masika vyote vionekane.

Pili, pawepo kisima cha kulinganishia, kilicho katika tabaka la namna ile ile na kinachopata mvua ile ile, lakini kilicho mbali hata athari ya shimo isikifikie.

Tatu, visima vya uangalizi viwekwe upande wa juu na upande wa chini wa mkondo, vingine vikiwa kati ya shimo na visima vya wananchi, ili habari mbaya iwafikie wapimaji kabla ya kuwafikia wanywaji.

Nne, yaandikwe yote yanayoweza kuyabadili maji: mvua ya kila siku, kiasi kinachovutwa na pampu za machimbo, na pia kiasi kinachovutwa na wakulima wa umwagiliaji. Haki haimtafuti mkosaji upande mmoja tu.

Kifaa cha kupimia chaweza kuwa utepe wenye ncha ya umeme unaolia unapogusa maji, au chombo kidogo kinachoachwa kisimani na kuandika kimo chenyewe kila saa. Utepe wa chuma uliopakwa chaki nao wafaa sana, kwani sehemu iliyolowa huonekana wazi. Lakini kosa moja hurudiwa mara nyingi. Kisima chenye maji mita 6 chini ya mdomo si lazima kiwe na kimo cha juu kuliko kisima chenye maji mita 9, kwa kuwa midomo yenyewe haiko sawa. Mpima ardhi hana budi kupima midomo yote kutoka usawa mmoja. Vikipatikana vimo vitatu vya visima visivyo katika mstari mmoja, mwelekeo wa maji huweza kuchorwa kwenye ramani.

Pamoja na kimo, ubora wa maji hupimwa: upitishaji wa umeme, ambao huonyesha chumvi, uchachu, tope, naitreti, na dalili za mafuta.

MFANO WA HESABU

Ufuatao ni mfano wa darasani. Kisima A ni cha kulinganishia. Kisima B kiko mita 300 kutoka kwenye machimbo. Katika kiangazi cha kwanza kabla ya upanuzi, A kilishuka mita 0.9 na B mita 1.0. Katika kiangazi cha pili, A kilishuka mita 1.2 na B mita 1.3. Baada ya upanuzi, A kilishuka mita 1.1, na B mita 2.3.

Kwa mazoea yake, B hushuka mita 0.1 zaidi ya A. Kilitazamiwa basi kushuka mita 1.2. Tofauti ya mita 1.1 haielezwi na kiangazi, maana kiangazi kilikipata kisima A vile vile. Kama kisima B kina kina cha mita 9, na mwisho wa masika maji yalikuwa mita 6.2 chini ya mdomo, mlikuwa na mita 2.8 za maji. Kiangazi peke yake kingeacha mita 1.6. Sasa imebaki nusu mita, na ndoo huanza kuchota tope.

Pasingekuwa na kisima A, wenye machimbo wangeweza kusema kwamba mita zote 2.3 ni za kiangazi, na wanakijiji wangeweza kusema kwamba zote ni za machimbo. Pande zote mbili zingekosea. Bila shaka viangazi viwili ni vichache; kadiri kumbukumbu zinavyokuwa ndefu, ndivyo hukumu inavyokuwa thabiti.

BAADA YA KIPIMO, UAMUZI

Kupima bila kutenda ni kuandika historia ya kisima kinachokufa. Kwa hiyo pande zote hupatana mapema juu ya viwango. Kimo kikifika kiwango cha tahadhari, vipimo huchukuliwa mara nyingi zaidi na uvutaji hupunguzwa. Kikifika kiwango cha hatari, pampu husimamishwa, na wananchi hupatiwa maji kwa njia nyingine kwa gharama ya machimbo. Yapo pia mambo ya kiufundi: kuyarudisha maji yaliyovutwa ardhini kwa mitaro ya kunywesha, kuchimba sehemu ndogo kwa zamu, kuyatumia tena maji ya kuoshea changarawe baada ya tope kutuama, na kuweka mafuta juu ya sakafu ya zege iliyozungushiwa ukingo.

Sheria nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na mabonde yake 9 ya maji yana bodi zake. Kenya ina Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Tathmini ya athari kwa mazingira ni mahali pafaapo pa kuuliza maswali haya: visima vya kulinganishia viko wapi, vimepimwa tangu lini, nani atayatunza madaftari, na je, wananchi wataruhusiwa kuyasoma?

KAZI KWA SHULE

Shule nyingi zina kisima au ziko karibu na kisima. Wanafunzi waweza kuanza na jaribio rahisi: wajaze chombo cha lita moja kwa changarawe kavu, wamimine maji yaliyopimwa mpaka yaonekane juu, kisha watoboe tundu chini na kupima maji yanayotoka. Warudie kwa mchanga na kwa mfinyanzi. Watauona kwa macho tofauti kati ya maji yanayoweza kuhifadhiwa na maji yanayoweza kuchotwa.

Baada ya hapo, kwa ruhusa ya wenye kisima na chini ya uangalizi wa mwalimu, wapime kimo cha maji siku ile ile ya kila juma, saa ile ile ya asubuhi, kabla uchotaji haujaanza. Wapime mvua kwa kipimamvua cha shule, na wachore vyote viwili kwenye karatasi moja ya grafu. Wanafunzi wa kidato cha kwanza watakapomaliza kidato cha nne, daftari hilo litakuwa na masika manne na viangazi vinne. Siku lori la kwanza la changarawe litakapopita karibu na shule hiyo, kijiji kitakuwa na ushahidi ambao pesa haziwezi kuununua baadaye, kwani kipimo cha mwaka uliopita hakipimiki tena.